Giga ngapi zinatosha kwa telefone ya koperative?



Kila mwaka, mahindi yakisha kuuzwa na hesabu kufungwa, swali moja linarudi katika mikutano yetu ya upande wa Kapata: koperative inunue telefone gani? Safari hii mabishano hayakuwa juu ya marke wala rangi. Yalikuwa juu ya namba. Wazee wengine walisema giga 32 zinatosha, maana telefone ni ya kazi, si ya kuchezea. Vijana walitaka 256, eti tununue mara moja tupumzike. Na katikati kulikuwa na watu wengi walionyamaza, kwa sababu hakuna aliyewaeleza giga ni nini na nani anazikula.

Sisi wa kamati tuko na msimamo wetu na tunausema wazi kuanzia hapa juu. Telefone ya koperative iwe ya giga 128, na iwe na mahali pa kuingiza kadi ya memori, ile tunaita karte memwari. Mwanachama anayejinunulia yake mwenyewe anaweza kutosheka na 64. Ya 32 tusinunue hata wakitupunguzia bei. Na ya 256 tuwaachie wale wanaopiga filme za ndoa mu Kolwezi. Ile ni kazi yao, na inawarudishia feza.

Tuanze na boksi. Namba iliyoandikwa juu ya boksi si yote yako. Ni sawa na kununua shamba la hekta moja: ndani yake kuna kichuguu, kuna njia ambayo kijiji chote kinapitia, kuna mti wa yule wa zamani ambao hakuna anayethubutu kuukata. Hekta ni moja kwenye karatasi, lakini mahali pa kupanda ni kidogo kuliko pale. Katika telefone ya Android, mfumo wenyewe pamoja na programu zilizokuja nao kutoka kiwandani hukaa kwenye giga 10, 15, mara nyingine 20, na hazitoki. Telefone ya 32 basi inakuachia karibu nusu. Ya 64 inakuachia arobaini na kitu. Ya 128 inakuachia mia moja na kidogo. Mutazame vizuri hapo: kati ya 32 na 64 namba ya boksi inazidi mara mbili, lakini nafasi yako ya kweli inakaribia mara tatu, kwa sababu mfumo unakula karibu kiasi kilekile popote unapokaa. Ndiyo sababu tunasema telefone ya 32 ni bei nafuu ambayo si nafuu.

Muuzaji atakutajia namba mbili pamoja, "nne na sitini na ine". Ile ya kwanza ni RAM, meza ambayo telefone inafanyia kazi. Ukizima telefone, meza inafutwa. Ya pili ndiyo depo. Mukiwa mnapanga foto na kaye, munanunua depo. Siku hizi kuna boksi zinazoandika RAM 8 kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za sisimizi zinaeleza kwamba 4 ni za kweli na 4 zimekopwa kutoka kwa depo. Maana yake depo yako imepunguzwa ili meza ionekane pana. Muulize muuzaji: RAM ya kweli ni ngapi? Akianza kucheka, munajua.

Sasa, nani anakula?

Si maandishi. Kaye yote ya mauzo ya msimu mmoja, ikiandikwa katika telefone, haifikii hata uzito wa foto moja. Ujumbe wa sauti nao ni mwepesi: dakika moja ya sauti kwenye WhatsApp haifiki hata mega moja. Mama anayetuma maelezo ya dakika tatu juu ya bei ya soko hajazi telefone ya mtu, hata kama anachosha masikio.

Foto moja ya kawaida iliyopigwa na kamera ya telefone ni mega 3 hadi 5. Tukisema 4, giga moja inabeba foto 250. Video ndiyo tembo. Dakika moja ya video safi inakula mega 100 na zaidi. Yule agronome akija kuonyesha namna ya kupanda kwa mistari, na mtu akashika telefone dakika 20 nzima, ameweka giga 2 ndani, sawasawa na foto 500. Na mara nyingi katika zile dakika 20, dakika 12 ni mgongo wa watu.

Halafu kuna makundi ya WhatsApp. Tuhesabu bila kumsema mtu. Telefone iko katika makundi matatu: la koperative, la parokia, la familia. Kila siku zinaingia video kumi, za mahubiri, za matanga, za mpira, za mtu aliyeanguka kwenye matope. Tukisema kila moja ni mega 8, ni mega 80 kwa siku, giga 2 na nusu kwa mwezi. Telefone ya 32 iliyonunuliwa mwezi wa 9 haitafika Noeli. Na kila moja ya zile video imenunuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mega tulizolipia, mara ya pili kwa nafasi. Tunajua koperative ambazo zimebadilisha telefone kwa sababu "imezeeka", na haikuzeeka, ilikuwa imeshiba matope ya watu wengine. Telefone ikijaa inakuwa nzito, kamera inakataa kupiga, WhatsApp inaacha kupokea, na hiyo inatokea siku mnunuzi anatuma bei.

Dawa ya hii si kununua giga zaidi. Fungua WhatsApp, ingia kwenye Paramètres, halafu "Stockage et données", halafu "Gérer le stockage". Pale utaona kundi gani linakula nyingi, na video zote kubwa zimepangwa kwa mstari. Sekretere akifanya hivi kila mwisho wa mwezi, ni kazi ya dakika kumi. Palepale kwenye "Stockage et données" unaweza kukataza WhatsApp isishushe foto na video yenyewe bila kuulizwa.

Foto za mashamba

Kama kazi ya telefone ingekuwa paka kupiga simu na kupokea feza ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, tungesema hata ya 32 inatosha na hatungeandika ukurasa huu. Lakini sisi tunalima Lualaba. Kati ya Kapata na Kolwezi, na kuzunguka pande zote, chini ya mihogo yetu kuna shaba na kobalti, na kila mtu anajua vile inakuwa siku watu wenye vesti za rangi ya machungwa wanakuja kupiga vigingi. Mwaka 2014 katika kartie ya Kasulo, palepale mu Kolwezi, madini yalipatikana chini ya nyumba za watu, na mwaka 2017 sehemu ya kartie ikazungushwa ukuta na wenyeji wakahamishwa. Mwezi wa 9 mwaka 2023, Amnesty International na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa nguvu kwenye nyumba na mashamba kandokando ya migodi. Si hadithi za mbali.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, inasema mwenye haki ya madini akimnyima mtu matumizi ya udongo wake anapaswa kumlipa malipo ya haki. Vizuri. Lakini malipo yanahesabiwa juu ya nini? Yule anayekuja kuhesabu anauliza: mihogo ilikuwa ya miezi mingapi? Miti ya maembe ilikuwa mingapi, na ilikuwa inazaa tayari ao ilikuwa midogo? Mupaka ulifika wapi? Mara nyingi anauliza baada ya tinga kupita. Mkulima anaonyesha kwa mkono mahali ambapo sasa ni udongo mwekundu mtupu, na yule mwingine anaandika namba anayoitaka.

Foto si karatasi ya udongo. Haibadilishi saini ya shefu wa kijiji wala kaye ya mipaka, na mtu asiwadanganye hivyo. Lakini foto yenye tarehe na alama ya mahali, ikiwekwa pamoja na kaye na neno la shefu, inafanya mazungumzo yawe mengine. Unamwonyesha: hii ni mwezi wa 1, mihogo iko kifuani, huyu ndiye mwenye shamba amesimama kwenye kona, huu ni muembe wenye matunda. Hapo anayehesabu anakaa chini.

Na hapa ndipo giga zinaingia, kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Ukipiga foto kwa kamera ya telefone, na umeiruhusu kamera kuandika mahali, ndani ya foto kunafichwa tarehe, saa na namba za GPS. Ukiituma kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, WhatsApp inaibana iwe ndogo ili isile mega nyingi, na zile habari zilizofichwa zinaondolewa. Anayepokea anapata sura ya shamba bila tarehe ya kweli na bila mahali. Kwa hiyo wale wanaosema "tutapiga, tutatuma kwenye kundi, halafu tutafuta kwenye telefone ili kupunguza" wanafuta ushahidi na kubaki na kivuli chake. Ya asili inapaswa kubaki. Na kama ni lazima kuituma, itumwe kama dokima, si kama foto, hapo inasafiri nzima.

Basi tuhesabu ya asili. Chukua koperative ya watu 60, kila mtu na mashamba mawili. Ni mashamba 120. Kila shamba foto sita: kona ine, moja ya mwenye shamba ndani ya shamba lake, moja ya miti ao ya kisima. Mara mbili kwa msimu wa mvua, mimea ikiwa imeshika na kabla ya kuvuna. Ni foto 1,440. Kwa mega 4 kila moja, ni karibu giga 6. Ongeza bustani za mboga za kiangazi pale kwenye mabonde, tuseme giga 2. Ni giga 8 kwa mwaka. Na ushahidi wa mwaka mmoja hautoshi, maana swali la kwanza litakuwa: ulianza kulima hapa lini? Miaka mitatu ni giga 24.

Rudisha hiyo kwenye telefone. Ya 64, ukitoa mfumo giga 20, unabaki na 44. Toa programu na masahihisho yake, giga 8: unabaki na 36. Toa WhatsApp, hata ikisafishwa kila mwezi, giga 12: unabaki na 24. Ni sawasawa na foto za miaka mitatu, bila video hata moja, na bila hewa. Telefone inahitaji hewa. Usipoiachia angalau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu, inaanza kukohoa. Kwa hiyo ya 64 itakwama kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Ya 128, kwa hesabu hiyohiyo, inabaki na giga 60 hivi mwisho wa mwaka wa tatu. Hapo kuna hewa, kuna video za mafunzo, kuna mwaka wa ine na wa tano. Telefone yenyewe, pamoja na vumbi letu na mvua yetu, haitaishi zaidi ya hapo. Ndiyo sababu hatuoni kazi ya 256.

Koperative yenye watu 15 ifanye hesabu yake. Inawezekana 64 inawatosha kabisa, na tofauti ya bei iende kwenye mbegu. Hatusemi 128 ni amri kutoka mbinguni. Tunasema muhesabu mashamba kwanza, ndipo muende butike. Mutu anayetangulia butike bila hesabu, ni muuzaji atakayemhesabia.

Kuna programu nyingine za shamba ambazo zinahitaji kukaa ndani ya telefone na kufanya kazi bila rezo. Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO na IITA, inatazama jani la muhogo kwa kamera na kukuambia kama ni ugonjwa, hata ukiwa mahali pasipo na rezo. Kwa sisi ambao tunakula mizizi na tunakula sombe yake, hiyo ni programu ya kazi. Na wale wanaotumwa na mashirika kuandikisha wakulima wanatumia KoboCollect, ambayo inaweka fomu na foto zote ndani ya telefone mpaka siku rezo inapatikana. Zote hizo zinaomba nafasi ya ndani. Ndilo jibu letu kwa wazee wetu wanaosema: tununue ya 32, halafu tuongeze karte. Karte inapokea foto, muziki na video. Lakini WhatsApp haihamii kwenye karte, masahihisho ya mfumo hayahamii, na programu nyingi zinakataa. Ni sawa na kujenga depo kubwa uwanjani huku jikoni hapana mahali pa kuweka sufuria.

Watu wa mjini watawashauri njia nyingine. Wanasema: usinunue giga, weka kila kitu kwenye intaneti, Google inakuhifadhia. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye Wi-Fi nyumbani. Google inatoa giga 15 bure, lakini zile 15 ni za barua, za foto, na tangu mwaka 2024 pia za akiba ya WhatsApp kwenye Android, vyote katika mufuko mmoja. Foto zetu za miaka mitatu peke yake ni 24. Na kuzipandisha ni mega, mega tunanunua kwa franka, na rezo ya Kapata inaenda na kurudi kama mbuzi. Mkulima asiambiwe depo ni bure kama njia ya kufika kwenye depo inalipiwa kila safari.

Lakini tusiitupe kabisa. Kuna kitu kidogo ambacho lazima kiende mbali na Kapata, kwa sababu telefone inaibiwa, inaanguka mu maji, inashikwa na moto pamoja na nyumba. Liste ya wanachama, procès-verbal za mikutano, na foto mbili za kila shamba, zilizo bora. Mashamba 120 mara foto mbili ni foto 240, hata giga moja haijafika. Hiyo ipandishwe mara moja kwa msimu, siku sekretere anashuka Kolwezi mahali ambapo rezo ni nzuri. Na kaye ya karatasi isiachwe. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010 na kutumika hapa kwetu tangu Kongo kuingia mwezi wa 9 mwaka 2012, inaitaka koperative iwe na rejista ya wanachama kwenye makao yake. Foto ya rejista ni kopi tu. Rejista ni ile iliyo na saini.

Karte memwari inastahili maneno yake. Tunaitaka, lakini kama mlinzi wa pili, si kama depo kuu. Kila mwisho wa mwezi sekretere anaingiza kopi ya foto kwenye karte, na karte inatoka ndani ya telefone, inalala kwa kesiye ao kwa mwanachama mwingine ambaye haishi nyumba moja na sekretere. Karte ikilala ndani ya telefone ileile, mwizi mmoja anabeba zote mbili. Telefone nyingine zinauliza, unapoingiza karte, kama unataka iwe sehemu ya memori ya ndani. Jibu hapana. Ukikubali, karte inafungwa kwa ufunguo wa telefone ile peke yake, na siku telefone inakufa, karte haisomeki kwa mwingine.

Na kuna karte za uongo, tele, zinaandikwa 512 ao hata zaidi, kwa bei ya bukari na sambaza. Ndani kuna giga 8 ao 16. Telefone inadanganywa, inaonyesha 512, unaendelea kupiga foto, na zikifika mwisho wa kweli zile mpya zinaharibu za zamani. Unagundua siku unayozihitaji. Nunua karte ya 64 kwa butike inayotoa resi, na wiki ileile uijaze mpaka juu kwa video zozote, halafu ufungue zile za kwanza na za mwisho. Zikifunguka zote, zifute, karte ni nzima. Isipofunguka, rudisha ukiwa na resi. Ujanja huohuo uko kwenye telefone zenyewe, zile zinazouzwa kandokando ya barabara na jina kubwa na giga 512 kwa robo ya bei. Jina kubwa kwa bei ndogo hivyo, tayari jibu liko mkononi.

Kuna mwanachama aliyeuliza mkutanoni, na watu walicheka lakini swali lake si la kuchekwa: kobalti ni yetu, kwa nini giga ni bei? Ni kweli zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na sehemu kubwa ni hapa Lualaba. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na mwezi wa 10 ikaifungulia kwa vipimo. Lakini kobalti iko kwenye bateri. Giga zinakaa kwenye kipande kidogo cha silisiamu kinachotengenezwa mbali sana, na bei yake haiulizi Kapata. Kwa hiyo udongo wetu uko ndani ya kila telefone tunayonunua, na haututolei hata franka moja. Tunalisema tu, halafu tunarudi kwenye hesabu.

Kitu cha mwisho, na hiki kitawaudhi wengine. Telefone ya koperative si ya prezida, wala ya sekretere, wala ya mtoto wa sekretere. Giga 128 zinatosha koperative miaka mitano. Hazitoshi koperative pamoja na familia hata mwaka mmoja. Iwe na namba yake, na kodi yake inayojulikana na watu wawili. Makundi ya parokia na ya familia yasiingie humo, hata kama prezida ni mtu wa sala. Feza iliyobaki kwa kutonunua ya 256 inunue karte ya pili, ganda la mpira, na sola ndogo ya kuchajia, maana telefone iliyozima haina giga hata moja.

Mvua zinaanza mwezi wa 10. Kabla mbegu haijaingia udongoni, kila sekretere afungue Paramètres, aingie "Stockage", na aandike katika kaye ya koperative namba tatu: nafasi yote, nafasi iliyobaki, na hesabu ya mashamba ya kupiga foto msimu huu. Azisome mkutanoni mbele ya watu wote, ndipo muzungumze juu ya kununua.